Samaki kaachiwa Nungwi, Kasulu tukanuna

Ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba, kijiweni kwetu Kasulu, kama dakika kumi kabla ya mpira kuanza. Banda limejaa. Wa Simba wamekaa upande wao, wa Yanga upande wao, mwenye banda anazunguka na kikopo chake kukusanya viingilio. Simu yangu ikalia. Mpwa wangu katuma video.

Huyu mpwa wangu wengi pale bandani wanamjua. Alikuwa kipa. Si kipa wa Ligi Kuu, hapana. Kipa wa mchangani, wale wanaodakia kwenye viwanja vyenye mteremko, ambako mpira ukitoka unaufuata mpaka kwenye maharage ya watu. Alidaka Kasulu, akaazimwa Kibondo kwenye mashindano ya mbuzi, wakafika fainali. Baadaye maisha yakamsukuma. Akapanda basi alfajiri, akavuka nchi nzima, akaishia Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Sasa ni baharia kwenye boti ya uvuvi wa michezo.

Tukaikusanyikia simu. Bahari ya buluu iliyokoza, hakuna nchi kavu inayoonekana. Mara maji yanapasuka, anaruka samaki ambaye huku kwetu hatujawahi kumwona. Mdomo kama mkuki. Pezi la mgongoni limesimama kama tanga la jahazi. Anaruka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzungu mmoja kakaza miguu sakafuni, fimbo imepinda, jasho linamtoka. Ngoma nzito. Mwisho samaki anafikishwa ubavuni mwa boti, na mpwa wangu, akiwa na glovu mikononi, anainama na kumshika mdomo.

Bandani tukapiga makofi. Kipa wetu kadaka!

Halafu kikatokea kituko. Picha moja ikapigwa, haraka haraka. Dogo akaendelea kumshika samaki ndani ya maji, boti ikitembea polepole, kama mtu anayemkongoja mgonjwa. Ghafla akafungua mikono. Samaki akapiga mkia mara moja, akazama zake.

Kelele zilizopigwa pale bandani ungedhani mtu kakosa penalti dakika ya 90.

"Kamkamata, kamwachia?" akauliza mzee mmoja, shabiki wa Yanga wa tangu enzi za redio. "Huyu mtoto tumemkuza kwa dagaa na maharage, leo anaachia samaki mrefu kuliko mlango wa nyumba yangu? Mwambie mpwa wako arudi nyumbani, jua la baharini limemzidi."

Nikacheka na wengine. Kusema kweli, na mimi nilinuna kidogo. Ukitoka Kasulu, ambako mgebuka mmoja wa kukaanga unaweza kugawanywa kwa watoto wanne, huwezi kuona kitoweo cha ukoo mzima kinarudishwa majini ukabaki kimya.

Najua hizi ni kurasa za michezo na wewe umefungua hapa kutafuta habari za usajili. Nivumilie. Habari ninayotaka kukupa ni ya usajili, mikataba na msimu. Tofauti ni kwamba kiwanja chake ni maji.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi tunaudharau bila kuujua.

Uvuvi wa michezo wa bahari kuu unafanywa kwa fimbo yenye rili ya kukunjia mshipi. Boti inatembea huku ikikokota chambo kadhaa nyuma yake, vikirukaruka juu ya maji kama samaki wadogo wanaokimbia. Anayetafutwa ni mkubwa anayewakimbiza hao wadogo. Kuna sulisuli, yule wa kwenye video. Kuna nduwaro, ambaye ni mzito zaidi na mkorofi zaidi. Kuna jodari, nguru, kolekole na felusi. Huko Nungwi wanapapenda pahali panapoitwa Leven Bank, kati ya Unguja na Pemba, ambapo sakafu ya bahari inapanda ghafla kutoka kwenye kilindi na samaki wanakusanyika. Ni kama sehemu ya kati ya uwanja. Mkali yeyote lazima apite pale.

Mchezo huu una sheria. Kuna chombo cha kimataifa kinachoitwa IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939, ndicho kinachotunza rekodi za dunia na kanuni zake. Sheria moja utaipenda. Samaki akishanasa, anayeshika fimbo anatakiwa apambane peke yake mpaka mwisho. Mtu mwingine akigusa fimbo, rili au mshipi mkuu, rekodi hakuna. Ni faulo ya kushika mpira, na refa hasikilizi utetezi. Baharia msaidizi anaruhusiwa kushika ule uzi mnene wa mwisho, ulio karibu na ndoano, samaki akishafikishwa karibu na boti. Ndiyo maana mpwa wangu ana glovu. Kaacha goli la mchangani, bado ni kipa.

Rekodi zipo, na nyingine ni za kutisha. Nduwaro mweusi mkubwa kuliko wote kwenye vitabu vya IGFA alivuliwa na Mmarekani Alfred Glassell huko Cabo Blanco, Peru, Agosti 4, 1953. Alikuwa na uzito wa ratili 1,560, yaani kilo zaidi ya 700. Tangu siku hiyo wamepita akina Pelé, Maradona na Messi, na rekodi ya yule samaki bado ipo palepale.

Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki ni uwanja wa siku nyingi. Mwandishi Ernest Hemingway, yule aliyekuja kupata Nobel, alivua samaki wa bahari kuu Malindi mwaka 1934. Leo ukitaja mchezo huu utasikia Malindi, Watamu, Shimoni, Mkondo wa Pemba, Nungwi, Mafia. Majirani zetu Wakenya wametutangulia kwa mengi. Pale Watamu kuna taasisi iitwayo African Billfish Foundation inayosimamia kazi ya kuwawekea samaki hawa vibandiko vyenye namba kabla ya kuachiwa. Samaki akikamatwa tena mahali pengine, namba inasema alikotoka na amekaa majini muda gani. Sisi tunaambiana mchezaji fulani alikuwa Congo, akaenda Sudan, sasa yupo Dar. Wenzetu wanaweza kusema hivyo kuhusu samaki.

Sasa tuje kwenye msimu.

Mchezo huu hauchezwi mwaka mzima, na anayepanga ratiba si shirikisho, ni upepo. Kusi likianza kuvuma kuanzia mwezi wa nne, bahari inachafuka, mawimbi yanasimama, boti ndogo zinafungwa. Kuanzia mwezi wa nane au wa tisa kusi linalegea, jodari wanaingia, boti zinarudi kazini. Kaskazi likishika, kati ya Desemba na Machi, maji yanakuwa ya moto na tulivu, sulisuli na nduwaro wanakuwa wengi, na wageni nao wanakuwa wengi kwa sababu kwao ni baridi. Halafu mvua za masika zinakuja, msimu unaisha.

Umeona kitu? Inaanza karibu Agosti, inaisha karibu Mei. Ni kalenda ya ligi kabisa.

Ndani ya msimu huo kuna busara ambayo pale bandani tuliikosa. Nilimpigia dogo usiku ule, baada ya mechi.

"Mwanangu, yule samaki mlimwachia kwa nini?"

Akacheka. "Shikamoo kwanza, mjomba."

"Marahaba. Samaki."

"Mjomba, yule samaki nikimuua leo, nauza minofu yake mara moja, basi. Nikimwachia, kesho mteja mwingine analipa boti kuja kumtafuta. Na kesho kutwa mwingine. Yule samaki ni mshambuliaji wetu. Nani anamchinja mshambuliaji wake?"

Nikanyamaza. Mtoto kashanifunga bao moja.

Fikiria hesabu yake. Mteja analipa boti kabla hajaona hata pezi. Analipia mafuta, nahodha, baharia, chakula, hoteli, teksi. Akipata samaki, anapiga picha. Asipopata, anasema kesho nitarudi. Kwenye mchezo huu si kila samaki anaachiwa, tusidanganyane. Jodari, nguru na felusi mara nyingi wanafika jikoni, na mabaharia wanapata mboga yao. Lakini wale wenye midomo ya mkuki, sulisuli na nduwaro, utaratibu mzuri ni kuwarudisha. Na kuwarudisha si kuwatupa tu. Ukimchosha sana samaki, ukamtoa nje ya maji kwa ajili ya picha kumi, ukamrudisha, anaweza kwenda kufia chini. Ndiyo maana dogo alikuwa anatembea naye ndani ya maji. Alikuwa anampa pumzi. Ni daktari wa timu yule, na sisi tukamwita mwendawazimu.

Hadi hapo unaweza kusema haya ni mambo ya Nungwi, Kasulu na Kibondo yanatuhusu nini. Huku tuna milima, migomba, mihogo na baridi ya asubuhi. Bahari tunaiona kwenye simu.

Subiri.

Sisi tuna maji yetu. Ukitoka Kasulu, karibu kilomita 100 tu, unaikuta Kigoma mjini na Ziwa Tanganyika. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Ile si bahari kuu ya maji baridi ni nini? Humo kuna mgebuka anayewinda dagaa katikati ya ziwa kama jodari anavyowinda baharini. Kuna sangala. Kuna kuhe, ambaye katika ukoo wake mkubwa, ukoo ule ule wa perege, ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Wazungu wanafuga samaki wa ziwa letu kwenye vioo sebuleni kwao, sisi tunawajua kwa jina la mboga.

Na ziwa letu nalo limeshapewa mapumziko. Mwaka 2024, Tanzania, Burundi, Congo na Zambia zilikubaliana kulifunga. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu, nyavu nje ya maji. Sababu ilikuwa wazi: samaki wanapungua, dagaa na migebuka wanavuliwa kabla hawajapata nafasi ya kuzaliana, na nchi moja ikipumzisha huku jirani anavua ni kazi bure.

Wapenda soka, angalieni hizo tarehe. Ligi Kuu ya 2023/24 ilimalizika mwishoni mwa Mei. Mapumziko ya ziwa yakaisha Agosti 15. Siku iliyofuata, Agosti 16, ligi mpya ikaanza. Samaki na wachezaji walienda likizo pamoja na kurudi pamoja.

Lakini nani aliyeona hivyo? Mimi sikuona. Nililalamika kama kila mtu. Nilikaa palepale bandani nikasema serikali imetuonea, kwamba watu wa ziwani watakula mawe. Dagaa sokoni wakawa wa kutafuta. Waliokuwapo walikuwa wa akiba, wamekauka, na bei yake unaambiwa huku muuzaji anaangalia pembeni. Kibondo, ambako dagaa wa ziwani anafika kwa safari ndefu zaidi, ilikuwa hivyo hivyo. Tukarudi kwenye maharage, asubuhi na jioni.

Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Kasulu, mteja wake nimekuwa miaka mingi, aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Alikuwa kakaa mbele ya meza tupu, anasuka mkeka.

"Kaka, wewe unaandika kwenye magazeti. Samaki wamepewa likizo, sawa. Mimi nimepewa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikanunua nyanya, nikaondoka.

Lile swali ni la kisoka. Na hapa ndipo ninapotaka kusimama.

Kwenye mpira, hakuna anayebisha kwamba msimu lazima uishe. Mchezaji akicheza miezi 12 mfululizo anavunjika. Nyasi zikichezewa kila siku zinakufa. Kuna muda wa kupumzika, kuna muda wa kambi, kuna muda wa kuanza upya. Lakini mchezaji wa Ligi Kuu akienda likizo mwezi wa sita, mkataba wake unaendelea kuhesabu. Najua, najua, kuna klabu mishahara inachelewa mpaka mchezaji anasahau rangi ya noti. Lakini angalau ana karatasi. Anaweza kwenda kushtaki. Likizo yake ina mwenyewe.

Mvuvi wa ziwani hana karatasi. Mama wa dagaa hana karatasi. Na mpwa wangu, shujaa wetu wa glovu, hana karatasi.

Maana nilimuuliza na hilo pia. Kusi likivuma, boti ikipandishwa ufukweni, yeye anafanya nini? Akasema wanapewa mkono wa kwaheri na ahadi ya kupigiwa simu. Msimu ukirudi, simu inaweza kuita, inaweza isiite. Mwenye boti akipata kijana mwingine wa bei nafuu, basi. Mwaka mmoja alikaa Nungwi akisubiri simu hadi akauza simu yenyewe.

Na kwenye ile video mliyotumiwa, jina la nani limeandikwa? La mteja. Samaki fulani, kilo fulani, kavuliwa na bwana fulani. Ndivyo ulivyo mchezo huu dunia nzima, anayeshika fimbo ndiye mfungaji, na mimi sina ugomvi na hilo. Lakini aliyejua samaki yupo wapi siku ile ni nahodha. Aliyefunga chambo ni dogo. Aliyeshika uzi wa mwisho na kumtuliza samaki ni dogo. Sisi watu wa mpira tunajua mfungaji hajipi pasi mwenyewe. Tunaandika na mtoa pasi. Kwa nini baharini pasi haina jina?

Msimamo wangu ni huu, na aje mtu anipinge bandani. Kupumzisha maji ni haki na ni akili. Bahari inapumzishwa na kusi, ziwa tulipumzishe wenyewe kwa makubaliano. Lakini mapumziko yasiyo na mkataba kwa watu wanaoishi kwa maji hayo ni adhabu, na adhabu haitunzi samaki. Mtu mwenye njaa atavua usiku. Atavua kwa neti ya mbu. Utamkamata leo, kesho atavua mwanawe. Ukitaka likizo ya samaki iheshimiwe, fanya kama klabu inayojielewa: mlipe mchezaji wako akiwa likizo.

Fedha zitoke wapi? Hapo ndipo ninaporudi kwa yule sulisuli aliyetukera.

Samaki anayeachiwa anauzwa mara nyingi. Hilo ndilo somo la Nungwi, na Kigoma hatujalitumia ipasavyo. Tuna ziwa lenye samaki ambao hawapo kokote duniani. Tuna hifadhi za Gombe na Mahale ambazo wageni wanakuja kuona sokwe, wanapita juu ya maji hayo hayo, halafu wanaondoka. Weka boti chache zenye vijana waliofundishwa, fimbo, ndoano zinazonasa pembeni mwa mdomo zisizoua, sheria ya kupima na kuachia. Toza kibali cha maana. Fungu la kibali hicho liandikwe kabisa kwamba ni la miezi ya kufunga: la mvuvi aliyepandisha mtumbwi na la mama mwenye meza tupu. Halitatosha kwa wote, sijifanyi mchumi. Ila litakuwa mwanzo wa karatasi.

Na siku ziwa linapofunguliwa, tufanye sherehe ya kimichezo. Mbona mpira tunao uzoefu? Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa Lake Tanganyika, Kigoma. Simba na Yanga. Taddeo Lwanga akapiga kichwa, Simba 1-0. Watu walitoka Kasulu, Kibondo, Kakonko, wengine walilala stendi. Mji ulikula, ukanywa, ukalala macho. Aprili 2024 Mashujaa, watoto wa nyumbani, wakaitoa Simba kwa penalti kwenye uwanja ule ule. Usituambie Kigoma hatujui kuandaa siku kubwa.

Basi Agosti, kabla ligi haijaanza, iwepo siku ya fimbo. Timu ya Kigoma mjini, timu ya Uvinza, timu ya Kasulu, timu ya Kibondo. Nahodha na mabaharia waandikwe kwenye orodha kama kikosi, na majina yao yasomwe kabla ya jina la mwenye fimbo. Samaki apimwe ndani ya maji, aachiwe. Mshindi apewe mbuzi, tunajua kuwania mbuzi. Na sisi wa kurasa hizi tutume mwandishi.

Utasema, mchezo wa wazungu huo, wa matajiri. Na mpira ulikuja na nani? Ulikuja na meli kama bidhaa nyingine, tukauchukua, leo tunagombania kana kwamba babu zetu ndio walioubuni. Mshipi na ndoano tunavyo tangu zamani. Mtoto wa Kibondo anayekaa ukingoni mwa mto na ufito wake, anashindana na mwenzake nani atapata wa kwanza, huyo tayari ni mwanamichezo. Hajapewa jezi tu.

Na huo mto nao una la kusema. Malagarasi unaanzia kwenye milima ya huku mpakani na Burundi, unazunguka, unapita kwenye mabwawa na matete ya Muyovozi, unateremka Uvinza, unaingia ziwani. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye kilomita za mraba 32,500, ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Maana yake, sisi wa Kasulu na Kibondo tuko juu ya bomba. Ukilima hadi kwenye ukingo wa mto, mvua ya masika inachukua udongo wako na kuupeleka mahali samaki wanapozalia. Halafu unashangaa dagaa wamekuwa ghali. Sisi ndio watunza nyasi za ule uwanja. Hatuonekani kwenye televisheni, lakini nyasi zikifa mechi haipo.

Kwa hiyo likizo ya samaki haiwahusu watu wa mwambao pekee. Ile miezi mitatu ya 2024 tuliilipia wote, hadi Kibondo, kwa sahani. Na kama tunalipa, tuna haki ya kuuliza tulipata nini, nani alilipwa, na safari ijayo mkataba unasemaje.

Mpwa wangu alirudi nyumbani mwezi wa tano, kusi lilipokaza. Kaja na begi moja, kilo mbili za karafuu za kumpa mama yake, na zile glovu. Jumamosi iliyofuata alikuwa golini, timu ya mtaa, kwenye uwanja wetu wa mteremko. Alidaka penalti moja. Hakuiachia.

Baada ya mechi akapita bandani kusalimia wazee. Yule mzee wa Yanga alikuwapo. Nikajua ataanza naye.

"Wewe ndiye uliyemwachia samaki?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mjomba wako amenieleza. Nimeelewa kidogo." Akanyamaza, akamwangalia mikono. Ina makovu ya mshipi, myembamba, mengi. "Sasa huyo samaki atarudi Septemba?"

"Atarudi, babu."

"Na wewe?"

Dogo akatazama simu yake, akairudisha mfukoni.

"Sijapigiwa bado."